Wema wa Mtu Tusiyemjua

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi kwenye maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Kambi ya Nyarugusu)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme machache juu ya wema tuliotendewa na watu tusiowajua. Siku kama ya leo tumezoea kuhesabu matatizo, na kweli tunayo. Leo naomba tuhesabu kitu kingine.

Wema ninaouzungumzia una alama tatu. Anayeutenda hamjui anayemsaidia. Hakuna sheria wala mshahara unaomlazimisha. Tena mara nyingi yeye mwenyewe ana kidogo, au anahatarisha maisha yake.

Mashirika yamefanya kazi kubwa, na hatuna budi kuyashukuru. Lakini kati ya siku mtu anapokimbia na siku anapopewa kadi ya mgao kuna pengo. Pengo hilo laweza kuwa la siku mbili au la mwezi. Hakuna lori, hakuna hema, hakuna orodha. Wengi wetu tuko hai kwa sababu mtu baki alisimama katika pengo hilo.

Sisi tuliotoka upande wa Fizi na Uvira mwaka 1996 twalijua. Mimi nilikuwa na miaka minane. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, tukashuka ufukweni tumelowa, bila hata sufuria. Mama mmoja wa kijiji kile alitupikia ugali wa muhogo na sombe, ambayo wenyeji wetu huiita kisamvu. Watoto wake walikula baada yetu, na niliona sufuria ilivyokuwa ndogo. Hakutuuliza kabila wala dini. Asubuhi tuliondoka, na hadi leo sijui jina lake.

Ndugu zetu wa Rwanda wanaye Bibi Zura Karuhimbi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, aliwaficha zaidi ya watu 100 katika nyumba yake ndogo eneo la Ruhango. Hakuwa na bunduki. Watu walimdhania kuwa mchawi, naye akaitumia hofu yao: alijipaka majani yanayowasha ili atakayemgusa awashwe, akatikisa bangili zake na kuwatisha wauaji kwamba wakiingia watapatwa na mizimu. Wauaji wakarudi nyuma. Mwaka 2006 alipewa nishani, na akafariki Desemba 2018.

Ndugu zetu wa Burundi nao wanaikumbuka Kagunga. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu walijaa katika kijiji hicho cha wavuvi, chenye milima nyuma na ziwa mbele. Kipindupindu kikazuka. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikwenda na kurudi ikiwapeleka Kigoma. Kabla ya zamu yao kufika, wageni na wenyeji walibanana katika ufukwe mmoja na kuteka maji ya ziwa lile lile. Wanakijiji hawakuitwa kwenye mkutano waulizwe kama wako tayari.

Ndugu wasikilizaji, hata sheria imelitambua jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, unasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi yoyote isilihesabu kuwa uadui. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Hata hivyo, yule mama wa ufukweni hakungoja mkataba.

Sasa nije kwetu. Pengo lile halijazibwa. Mwaka 2015 ndugu wa Burundi walipofika hapa, walilala makanisani na madarasani. Kuanzia Machi 2023 walikuja wengine kutoka Kongo, wakikimbia vita vya mashariki. Mwaka huo huo mgao wa chakula ulipunguzwa. Bombani na kwenye kituo cha ugawaji tukasikia maneno: "Hawa wapya ndio wanaotumalizia." Nasema bila kumficha mtu: maneno hayo ni mabaya, na si ya kweli. Mgao hupungua fedha za wafadhili zinapopungua, si kwa sababu mama mmoja amefika na watoto wake. Na sisi tunaoyasema tulikuwa wapya.

Deni tulilonalo haliwezi kulipwa kwa aliyetukopesha. Wengine wamekwisha kufa, wengine hatuwajui majina. Laweza kulipwa kwa anayefuata tu. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, kila mtaa uwe na nyumba moja au mbili zilizo tayari kumpokea mgeni usiku wa kwanza: maji ya kuoga, chakula cha moto, na mtu wa kumwonyesha choo na bomba kilipo.

Pili, shuleni mtoto mpya akae na mwenyeji wake kwenye dawati moja, washirikiane daftari mpaka apate lake.

Tatu, wanafunzi wa madarasa ya juu wawaulize wazee: nani alikusaidia njiani? Waandike, na Kamati itunze maandishi hayo. Maovu tuliyotendewa yameandikwa katika ripoti nyingi. Wema haukuandikwa kwa sababu hakuna aliyeutilia saini.

Kwa wenyeji wetu wa Kasulu natoa shukrani. Shukrani hiyo tuionyeshe kwa vitendo, tukianza na kuacha kukata miti mibichi ya msitu wao tunapotafuta kuni.

Wahenga walisema, tenda wema uende zako. Wale waliotutendea walikwenda zao. Sisi tuliobaki tuna kazi ya kufanya, na mgeni wa kesho huenda yuko njiani sasa hivi.