Mguu Unapona Nyumbani

Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi ya dayosisi katika semina ya wahudumu wa diakonia na viongozi wa vikundi, Kisesa



  

Niliombwa nizungumzie huduma kwa wagonjwa majumbani. Mada hiyo ni pana mno kwa muda niliopewa, kwa hiyo nimechukua sehemu yake moja tu: mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mguu, akaruhusiwa kutoka hospitali, akarudi hapa Kisesa. Nikisema mguu leo nina maana kuanzia kwenye kifundo kwenda chini. Nimechagua sehemu hii kwa sababu nimeona sharika zetu zinafanya vizuri sana siku mbili tatu za kwanza, halafu wiki sita zinazofuata mgonjwa anabaki peke yake. Na mguu unaponea katika hizo wiki sita.

Watu wanaofanyiwa upasuaji huu kwetu ni wa aina mbili hasa. Wapo vijana wa bodaboda waliovunjika kifundo katika barabara hii ya Musoma, wakawekewa vyuma. Na wapo wazee na watu wa makamo wenye kisukari, ambao kidonda kidogo kimeoza na daktari akalazimika kukata kidole, viwili, au nusu ya mguu. Kijana mwenye vyuma atalia akikanyaga, kwa hiyo maumivu yatamlinda. Leo nitasema zaidi juu ya mwenye kisukari, kwa sababu yeye mara nyingi halii.

Kisukari cha miaka mingi kinaharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu unakufa ganzi. Mtu anachomwa na mwiba asijue, anavaa kiatu chenye jiwe ndani tangu asubuhi hadi jioni. Mishipa ya damu nayo inaziba, hivyo hata kidonda kidogo kinakosa damu ya kukiponya. Ndiyo maana baada ya upasuaji mgonjwa wa namna hii anawaambia, "Mbona siumwi, naweza kutembea," na watu wa nyumbani wanafurahi. Ndugu zangu, hapo si mahali pa kufurahia.

Aliyetufundisha jambo hili vizuri ni daktari mmoja Mwingereza, Paul Brand, aliyezaliwa mwaka 1914 huko India kwa wazazi wamisionari. Alianza kazi katika hospitali ya Kikristo ya Vellore, India, mwaka 1946, akawafanyia upasuaji watu wenye ukoma. Wazee wetu wanaoikumbuka kambi ya Bukumbi kule Misungwi wanajua jinsi watu walivyosema zamani: ukoma unakula vidole. Brand alichunguza akaona sivyo. Vidole havikuwa vinaliwa na ugonjwa. Vilikuwa vinaumizwa kila siku na kazi, moto na kutembea, na mwenyewe hasikii. Wengine walikuwa wanatafunwa na panya usiku wakiwa wamelala, na inasemekana dawa aliyowapa hao ilikuwa ni paka. Mwaka 1966 alihamia Carville, Marekani, na huko akaonyesha kwamba vidonda vya miguu vya wenye kisukari vinafuata njia ile ile. Kidonda ambacho kilikuwa hakiponi kwa miezi kilipona kikifungiwa ndani ya plasta ngumu, ile mnayoiita hogo, iliyotengenezwa ikakaa vizuri kwenye wayo wote ili uzito usiangukie pale penye kidonda. Alifariki mwaka 2003.

Mkidhani habari ya panya ni ya India tu, mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Dk. Zulfiqarali Abbas, waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari hapa hapa Tanzania walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini. Kwa hiyo mhudumu akiingia nyumba ya mgonjwa wa namna hii, aangalie chandarua kama kimechomekwa vizuri chini ya godoro mpaka miguuni. Mmezoea kukihesabu kwa ajili ya mbu. Kina kazi nyingine.

Sasa nije kwenye neno lenyewe ambalo kila mgonjwa hupewa akiruhusiwa: usikanyage.

Shangazi yangu alikatwa vidole viwili kwa sababu ya sukari, na tulimuuguzia hapa hapa. Hospitali aliyotoka, ambayo sitaitaja, walimpa karatasi yenye dawa na tarehe ya kurudi, na neno hilo moja kwa mdomo, basi. Yeye ni mtiifu. Hakwenda shambani, hakwenda sokoni, hakwenda hata kanisani. Alikuwa "anakanyaga kidogo tu" nyumbani. Siku moja tulikaa tukahesabu hicho kidogo. Kutoka mlangoni hadi chooni ni hatua 30, kwenda na kurudi 60, na kwa siku anakwenda mara 6. Hizo ni hatua 360. Jiko liko nje, hatua 12. Kwenda na kurudi 24, na mama wa nyumba huenda jikoni si chini ya mara 15. Ni 360 nyingine. Jumla 720, na nusu yake zinaangukia mguu wenye mshono. Mara 360 kwa siku mwili mzima unalalia kidonda. Kwa wiki moja ni mara 2,520. Na hapo sijahesabu kuku, wala wajukuu, wala mvua inapokuja na mpunga uko nje.

Ngozi mpya ya kidonda ni laini kama utando wa juu wa uji. Ukiukanyaga inachanika, usiku inajaribu tena, asubuhi unaichana tena. Dawa haiwezi kushindana na hilo.

Shangazi hakuwa mkaidi. Kazi za nyumba zilikuwa zake na hakuna aliyezichukua. Naomba nisema wazi, hata kama baadhi ya akina baba hawatafurahi: baba akifanyiwa upasuaji, nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Mama akifanyiwa upasuaji, anaulizwa chumvi iko wapi.

Na kuna sisi wageni. Mila yetu ni njema, mgonjwa akirudi tunakwenda kumwona. Lakini angalieni kinachotokea. Tunafika kumi na wawili, tunapiga hodi, mgonjwa anashusha mguu aliokuwa ameuweka juu ya mto. Akiingia mzee, anainuka kumwamkia kwa heshima. Baadaye anajikongoja kuangalia kama chai imechemka, maana hawezi kuwaacha wageni waondoke hivi hivi. Tunamwombea, tunaondoka tukiwa tumeridhika, na yeye amesimama mara saba. Napendekeza wageni waende wawili wawili, wakae muda mfupi, na mmoja wao ashike ndoo.

Kuhusu kidonda chenyewe sitakaa sana, kwa kuwa muuguzi wa kituo cha afya atawaonyesha kwa vitendo mchana. Nawe kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiloweke mguu kwenye beseni. Kama shashi imekwisha, kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa na kupigwa pasi kitasaidia mpaka mpate nyingine. Lakini nawasihi juu ya vitu tunavyoweka kwenye vidonda. Majivu, hapana. Kinyesi cha ng'ombe, hapana kabisa, kinaweza kuleta pepopunda. Na ile desturi ya kupasua vidonge vya rangi mbili na kumwagia unga wake kwenye kidonda, tuiache. Dawa ile imetengenezwa imezwe, tena kwa maelekezo ya daktari. Unga ule ukikauka unafunika kidonda kama chokaa, na chini yake kinaendelea kuoza pasipo mtu kuona.

Mguu wenye ganzi usiukandwe kwa maji ya moto, wala mgonjwa asikae karibu na mafiga kuota moto. Ataungua bila kujua. Nyuzi za mguu hukaa wiki mbili hadi tatu, na kwa mwenye kisukari daktari anaweza kuziacha zaidi. Asizitoe fundi wa mtaani. Mfupa uliounganishwa unahitaji kama wiki 6, wakati mwingine zaidi. Anayesema ruksa kukanyaga ni daktari. Jirani ambaye naye aliwahi kufanyiwa hana ruhusa hiyo.

Magongo. Wengi wanayaegemea kwa makwapa. Hivyo yanabana mishipa ya fahamu na mikono inakufa ganzi. Uzito ukae kwenye viganja, na juu ya gongo mpaka kwapani pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kupanda ngazi unatanguliza mguu mzima. Kushuka unatanguliza magongo na mguu mbovu. Ncha ya gongo iwe na mpira. Kisesa yetu ina majabali na mchanga, na gongo lisilo na mpira juu ya jiwe lenye umande ni hatari kuliko kutembea bila gongo.

Choo ndicho kinachowashinda wengi, na watu wanaona haya kukitaja. Choo cha kuchuchumaa hakiwezekani kwa mtu wa mguu mmoja. Seremala yeyote anaweza kukata tundu kwenye kiti cha zamani, mkaweka ndoo yenye mfuniko chini yake, ndani, usiku na mchana. Zile hatua 360 za chooni zinaisha siku hiyo hiyo. Kwa shangazi hilo ndilo lililobadilisha hali. Alilikataa kwa siku tatu kwa aibu, mpaka mjukuu wake wa kiume aliyeko sekondari alipochukua ndoo mwenyewe na kwenda kuimwaga bila kusema neno.

Chakula: kidonda hujengwa na samaki, dagaa, maharage, mayai, maziwa. Hapa ziwani hatuna sababu ya kukosa dagaa. Mwenye kisukari asinyimwe ugali, bali apewe kwa kipimo, na asiletewe soda kama zawadi ya ugonjwa. Najua soda ndiyo heshima yetu. Mleteeni mayai.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki: harufu, usaha, uvimbe unaoongezeka, joto kwenye mguu, homa, sukari kupanda bila sababu, vidole kubadilika rangi kuwa vyeusi au vya kijivu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la miguu yote miwili. Kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi ikimbana ghafla, ni safari ya siku hiyo hiyo, hata usiku. Kutoka hapa hadi Bugando au Sekou Toure ni kama kilometa 20. Nauli ya safari hiyo iwe imewekwa kando tangu siku ya kwanza, isianze kuchangwa wakati mtu anatetemeka.

Na msiusahau mguu wa pili. Sasa unabeba uzito wote, na una ganzi ile ile. Uangaliwe kila jioni, wayo na katikati ya vidole, na kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, iwe yeboyebo au katambuga. Uchunguzi wa kimataifa unaonyesha kwamba katika kila watu 100 waliopona kidonda cha mguu cha kisukari, kama 40 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Mtaniuliza, nani atafanya yote haya? Nyumba moja haiwezi kwa wiki sita. Lakini Wasukuma si watu wa kufundishwa kazi ya pamoja. Wazee wetu walikuwa na elika, kundi la vijana lililolima mashamba kwa zamu chini ya basumba batale. Ngoma za Bagika na Bagalu, ambazo tunaziona zikishindana pale Bujora wakati wa Bulabo, zina undugu na jembe. Mtu hakulimiwa kwa sababu ni maskini; alilimiwa kwa sababu zamu yake imefika. Ningependa mgonjwa wetu asaidiwe kwa moyo huo, asijione ombaomba.

Kwa hiyo tuanze na mmoja. Yupo mama katika mtaa wa tatu ambaye anaruhusiwa Alhamisi, na ameniruhusu niseme habari zake bila kumtaja jina. Amekatwa sehemu ya mbele ya mguu wa kulia, anaishi na wajukuu wawili wadogo. Mahitaji yake nimeyaandika kwenye karatasi iliyoko pale mezani: maji ndoo nne kwa siku, kuni, palizi ya robo eka ya mahindi, kiti cha tundu, mtu wa kumsindikiza kliniki kila wiki, na mtu wa kupika jioni. Wiki sita. Vijana wameshachukua maji na palizi, seremala wetu amekubali kiti, na mzee wa kanisa mmoja atatoa pikipiki. Kuni zimeandikwa majina mawili. Kupika jioni bado hakuna jina, na tunakwenda mapumziko sasa, kwa hiyo kalamu nimeiacha juu ya karatasi.