Meno Yenye Madoa: Yang'arishwe Vipi Bila Kuharibiwa?

Leo nazungumza nawe mama, nawe nyanya, shangazi au dada unayelea mtoto. Mada yetu ni meno yaliyobadilika rangi.

Mtoto anapofika miaka sita au saba, meno ya utotoni hung'oka na ya ukubwani huota. Katika nyumba nyingi za Nakuru, Naivasha, Gilgil na Njoro, meno hayo mapya hutokeza yakiwa na mistari myeupe kama chaki, au madoa ya manjano na kahawia. Shuleni mtoto anachekwa, naye anaanza kufunika mdomo anapozungumza. Mama anaona uchungu, na anaogopa watu watasema hamsugui mtoto wake meno. Basi anachukua mchanga laini, jivu au mkaa uliosagwa, anasugua. Wengine hutumia ndimu, na wengine hata dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Mama, tafadhali acha. Jino limefunikwa na ganda gumu, na ganda hilo likiisha haliwezi kuota tena. Mchanga na mkaa hulikwaruza. Ndimu hulilainisha na kulila. Dawa ya nguo huunguza ufizi na koo, na mtoto akiimeza ni hatari. Baada ya miezi michache doa bado lipo, lakini sasa jino linauma kila anapokunywa chai moto au maji baridi.

Kabla ya kutafuta weupe, ni lazima tujue doa limetoka wapi. Kuna madoa yanayokaa juu ya jino, kama ya chai, tumbaku, miraa, dawa ya maji ya kuongeza damu, au ukoga uliogandamana. Haya huondoka. Mengine yamo ndani ya jino lenyewe, na hayo hayatoki kwa mswaki hata ukisugua mara kumi kwa siku.

Doa la kahawia la Bonde la Ufa, mara nyingi, ni la ndani. Husababishwa na madini yanayoitwa floridi. Mawe ya volkeno ya bonde letu yana floridi nyingi, nayo huyeyuka katika maji ya visima, hasa visima virefu. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huharibu ganda la jino wakati jino bado linaundwa ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja.

Sikiliza vizuri hapa, mama. Meno ya mbele ya ukubwani huundwa zaidi katika miaka ya kwanza mitatu ya mtoto. Doa unaloliona leo akiwa na miaka saba liliingia alipokuwa akijifunza kutembea. Si uchafu wala si uvivu wake, kwa hiyo usimpige wala kumwaibisha.

Je, kuna njia salama za kuyang'arisha? Ndiyo, zipo.

Ya kwanza ni kusafishwa na daktari wa meno. Hukwangua ukoga na kuondoa madoa ya juu. Kwa watu wengi, hiyo peke yake inatosha.

Ya pili ni kwa madoa ya floridi yasiyo na kina. Daktari husugua sehemu nyembamba sana ya juu ya jino kwa dawa maalumu, huku akikinga ufizi. Kazi hii ni ya kiti cha daktari, haifanywi nyumbani.

Ya tatu ni dawa ya kung'arisha yenye haidrojeni peroksaidi, chini ya uangalizi wa daktari. Hupunguza ukali wa rangi, ingawa mara nyingine haimalizi doa lote, na meno huweza kusisimka kwa siku chache. Ni ya watu wazima. Mtoto asubiri akue, na mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri pia.

Ya nne ni kufunika. Daktari hupaka juu ya doa dawa nyeupe ile inayotumika kuziba meno, au huweka kifuniko chembamba. Njia hii hufaa madoa makubwa na meno yaliyomeguka, lakini gharama huwa juu zaidi. Uliza bei kwanza.

Usinunue dawa ya kung'arisha mtaani usiyojua imechanganywa nini. Hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Na kama ni jino moja tu lililogeuka jeusi baada ya mtoto kuanguka, mpeleke mapema. Huenda mshipa wa ndani umekufa.

Sasa, kuna mdogo wake anayetambaa. Huyo bado tunaweza kumkinga. Mnyonyeshe maziwa yako pekee miezi sita ya kwanza, maana maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata kama wewe unakunywa maji ya kisima. Kisha teka maji ya mvua kutoka kwenye paa safi la mabati, uyachemshe, uyaweke kando kwa kunywa na kupikia uji wa mtoto. Maji ya kisima yafue nguo. Lakini usidanganyike kwamba kuchemsha huondoa floridi. Maji hupungua, floridi hubaki. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Vichujio vya mkaa wa mifupa huipunguza, mradi mkaa huo ubadilishwe kwa wakati.

Usimzoeshe mtoto chai ya rangi nzito, na punguza magadi katika maharagwe, kwani vyote huweza kuwa na floridi. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje ya njegere kuanzia miaka mitatu hadi sita. Mfundishe kutema.

Kwa ufupi, mama, kumbuka mambo matatu. Usisugue kwa mchanga, mkaa wala ndimu. Muulize daktari doa ni la aina gani kabla ya kulipia weupe. Na badilisha maji ya mtoto mdogo leo, kabla meno yake hayajaota.

Mwambie na jirani yako.