Kibao Kimoja Kisicholia

Dominika ya Tatu ya Mwaka C (Neh 8:2-10, 1 Kor 12:12-30, Lk 1:1-4, 4:14-21)



Katika somo la pili la Dominika hii Mtume Paulo anawafundisha Wakristo wa Korintho kwamba mwili ni mmoja ingawa viungo ni vingi, na kwamba viungo vile tunavyovidhania kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Fundisho hili tumelisikia mara nyingi hata masikio yetu yamelizoea. Kwa hiyo leo napenda tulitazame kwa njia ya chombo ambacho wengi wenu mnakifahamu, yaani kinanda cha umeme.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulikipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, lakini ukaruhusu pia vyombo vingine vinavyostahili ibada. Huku kwetu Rungwe kwaya nyingi hutumia kinanda cha umeme, na mara nyingi chombo hicho hulala nyumbani kwa mwalimu wa kwaya. Nanyi mwaijua wilaya yetu: mvua ni nyingi, ukungu hushuka kutoka mlimani, na unyevu hauulizi njia. Wakati wa kiangazi huja zamu ya vumbi. Basi siku moja, kwaya ikiwa katika mazoezi, kibao kimoja kinakataa kulia. Kinanda kina vibao 61, na 60 vinalia vema. Hata hivyo kila wimbo unaopita mahali pale unachechemea. Hicho ndicho anachokisema Paulo: kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia pamoja nacho.

Fundi mwenye busara hakitupi kinanda, wala hakipigi ngumi. Kwanza huchomoa waya wa umeme. Kisha hukilaza kifudifudi juu ya blanketi, hufungua skrubu moja baada ya nyingine, na kuzipanga kwa utaratibu, kwa kuwa si zote zina urefu mmoja. Ndani yake, chini ya kila kibao, hukuta mpira laini wenye vidoa vyeusi vya kaboni. Kibao kinapobonyezwa, vidoa hivyo hugusa bodi ya umeme, na sauti hutoka. Mara nyingi kibao chenyewe ni kizima kabisa. Vumbi tu limeingia kati yake na bodi. Fundi hupangusa taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo, bila kukwangua, na kusubiri pakauke.

Wapendwa, yupo katika jumuiya yetu ndugu ambaye hasali tena pamoja nasi, wala hatoi neno lolote. Sisi twasema amekufa kiimani. Je, nani amewahi kufungua na kutazama? Pengine ni vumbi la deni asiloweza kulilipa, au la neno tulilomwambia sisi wenyewe.

Kuna kibao cha namna ya pili. Katika vinanda vingi kila kibao kina vidoa viwili, na kimoja hugusa kabla ya kingine. Chombo hupima muda ulio kati ya miguso hiyo miwili. Muda ukiwa mfupi, chajua kwamba umebonyeza kwa nguvu, nacho hutoa sauti kubwa. Kidoa kimoja kikichafuka, kipimo huharibika, na kibao huweza kupiga kelele hata ukikigusa kwa upole. Basi yule anayefoka katika kila mkutano wa jumuiya, tusifanye haraka kumwita mkorofi. Huenda chini ya kelele yake kuna uchafu ambao angefurahi mtu amsaidie kuuondoa.

Namna ya tatu ni kibao kilichovunjika kweli. Hapo kupangusa hakutoshi, na gundi mara nyingi haishiki, kwa maana sehemu ile nyembamba hupinda kila kinapobonyezwa. Kama kibao kipya hakipatikani, fundi huweza kutafuta kibao kingine mle mle kinandani. Lakini hawezi kuchukua chochote, kwa sababu maumbo ya vibao vyeupe hutofautiana. Kilichovunjika kikiwa ni cha noti ya Sol, sharti atafute Sol nyingine. Basi huichukua ile ya pembeni kabisa, ambayo kwaya huigusa kwa nadra, na kuileta katikati. Kile cha pembeni kimeacha nafasi yake ili wimbo uendelee.

Sasa niseme wazi jambo linaloniumiza moyo. Binti wa kwaya anapopata mimba kabla ya ndoa, tunamwondoa kwaya siku ile ile, naye huona haya hata kuingia kanisani. Kijana aliyeshirikiana naye anaendelea kuimba besi Dominika hadi Dominika. Sisemi dhambi si dhambi. Kanisa lina Sakramenti ya Kitubio, na mlango wake uko wazi kwa wote wawili. Lakini kumtupa mmoja na kumficha mwingine si haki, wala si matengenezo. Ni nani atakayekuwa kibao cha pembeni? Mara nyingi ni mama mzee ambaye hana cheo chochote katika parokia. Yeye aliyewahi kulia machozi hayo hayo huenda nyumbani kwa binti, huketi naye, humpikia uji, na Dominika inayofuata huingia naye kanisani akimshika mkono. Ni Sol kwa Sol.

Katika Injili ya leo Bwana wetu anasimama katika sinagogi la Nazareti na kutangaza kwamba ametumwa kwa maskini, kwa wafungwa, kwa vipofu na kwa walioonewa. Hakutumwa kwa vibao 60 vinavyolia vema tu.

Basi juma hili kila jumuiya ndogo ndogo ijiulize: ni nani kati yetu hatusikii sauti yake? Tumtembelee. Lakini kwanza tuchomoe waya, yaani tuzime hasira zetu na masengenyo yetu, ndipo tufungue kwa mikono ya upole. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ee Bwana, uliyetuunganisha kwa Ubatizo kuwa mwili mmoja, utufundishe kutomtupa yeyote uliyemnunua kwa damu yako. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.