Nuru, Giza na Rangi ya Maua: Mada kwa Wenye Vitalu



Mche wa maua huuzwa kwa rangi yake. Mteja anayesimama kando ya barabara hutazama kwanza wekundu au uzambarau, ndipo aulize bei. Mwenye kitalu ambaye bogenvilia zake hazikuchanua huwa amemwagilia na kutia samadi kwa miezi bila ya kipato. Mara nyingi chanzo ni mwanga, wala si udongo.

Mmea hutengeneza chakula chake kwa nuru ya jua. Ukiwekwa chini ya mwembe, chakula hicho hupungua. Nao hurefusha matawi kuitafuta nuru, maua yakawa haba. Bogenvilia huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa 5 au 6 kila siku. Mche uliozoea kivuli usitolewe juani kwa ghafla, majani yake yataungua. Usogezwe hatua kwa hatua.

Waridi jekundu hupata rangi yake kutokana na kemikali iitwayo anthosayanini, ambayo huongezeka penye nuru ya kutosha. Hata hivyo, jua kali likiambatana na joto jingi huichujisha. Neti ya kivuli wakati wa adhuhuri husaidia.

Yapo pia maua yanayohitaji giza. Poinsetia na krisanthemamu huchanua pale tu usiku unapokuwa mrefu usiokatizwa na mwanga. Wakulima wa maua ya kuuza nje huitumia siri hiyo: huwasha taa usiku ili krisanthemamu irefuke shina, kisha huzizima ili ichanue. Ndiyo sababu poinsetia iliyo karibu na taa ya barabarani huweza kubaki kijani msimu mzima.

Taa hiyo ni ulinzi wa wapita njia; haifai kuzimwa wala kuvunjwa. Kinachohamishika ni chungu cha maua. Penye ufinyu wa nafasi, mche ufunikwe kwa boksi au kitambaa kizito cheusi tangu kabla ya magharibi hadi kupambazuke, kila siku, kwa muda wa wiki 8 hivi. Kuacha siku chache wazi huweza kuharibu kazi yote.

Kabla ya kununua mbolea nyingine, kila mwenye kitalu achunguze kwanza jua linafika wapi mchana, na taa inamulika wapi usiku. Afisa Kilimo wa Kata yupo kwa ushauri.