NENO, SAUTI NA MIZANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema juu ya utungaji wa mashairi mafupi. Hatukuja kuwafundisha wajuzi. Twasema na wale walalamikao kwamba mizani yao ni barabara, vina vimetimia, lakini wasomapo, watu hawasikilizi. Dawa yake, twaamini, ni shairi kuanzia sikioni kabla halijafika kwenye karatasi.

Sisi makarani mchana kutwa twashika kalamu kwa ajili ya maneno ya wengine. Twanakili, twajumlisha, twapanga safu. Jioni tukitaka kutunga, mkono ule ule huligeuza shairi kuwa daftari la hesabu: nane huku, nane huko, jumla kumi na sita. Hesabu ni sawa, ila la moyoni halikusemwa. Nalo si jambo dogo, maana mtu asiyepata hata ubeti mmoja wa kusema lililo lake, mwisho husahau kwamba alikuwa nalo.

Basi twashauri njia hii. Mmoja wetu aimbe sauti isiyo na maneno, yenye kituo katikati, tena na tena hata iwakae wote. Mwingine atoe neno moja tu la kitu cha kila siku: mlango, kisu, mvua. Kisha kila mtu atunge ubeti mmoja wa mistari minne juu ya neno lile, kwa sauti ile, wala asiandike kitu mpaka aweze kuuimba. Kituo cha sauti kitamwonyesha mahali kipande cha kwanza kinapokoma, nalo neno litamzuia asitangetange.

Sikio ndilo lihesabulo. "Mtu" ina herufi tatu, nayo ni mizani mbili, kwa kuwa "m" yasimama peke yake. "Mwana" ina herufi tano, nayo ni mbili vile vile. Ahesabuye kwa macho hujikwaa hapo.

Huu ni mfano wetu. Neno tulilopewa lilikuwa "mlango":

Hodi nabisha mlango, nimefika barazani,
Sikuja kwa masimango, wala deni la shingoni,
Nina neno si urongo, limenikaa moyoni,
Sinipe wako mgongo, fungua niketi ndani.

Mlango umetajwa mara moja tu, lakini mistari yote minne yasimama mbele yake. Kina cha "ngo" tulipewa na neno lenyewe. "Masimango" na "mgongo" tuliyapokea kwa sababu mtu aliyesimama nje ana haja nayo. "Tango" nalo lilibisha hodi, tukalirudisha sokoni.

Njia hii si ngeni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Beti zake nyingi zilibaki vifuani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor wakazikusanya na kuziandika. Diwani yake ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Kwa miaka mingi beti hizo hazikuwa na kitabu cha kuzitunza, bali zilikuwa na vinywa. Ubeti usioimbika haungalivuka safari hiyo.

Wala asiseme mtu kwamba kazi ya ofisi yazuia. Marehemu Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, naye ndiye tumjuaye leo kwa tungo zake.

Kwa hiyo twaomba kwamba kila mkutano wetu, shughuli zikiisha, utengewe robo saa: sauti moja, neno moja, ubeti mmoja kwa kila apendaye. Usioimbika na urudi nyumbani na mwenyewe ukatengenezwe. Ulioimbika, tuuimbe sote kabla ya kuagana.