Amin wa Sokoni

Sokoni Tengeru, mtoza ushuru akipandisha sauti kidogo tu, mama wa ndizi anamwita Iddi Amin. Tunacheka. Lakini Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, na mwaka 1978 majeshi yake yakavamia Kagera, yakaua na kupora. Ushuru wa ndizi na hayo wapi na wapi?

Hapo hapo Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, wakimbizi waliofika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baada ya Stalin kuwasomba kwa nguvu hadi Siberia. Safu kwa safu, baadhi ni ya watoto. Hao ndio waliomjua dikteta.

Mama, ukionewa sokoni, dai risiti, kisha mshtaki mhusika kwa jina lake mwenyewe.