Sheria ya Bunduki Njiani
Hotuba ya karani wa chama, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Kabazi



Halmashauri imeniagiza niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona na wachache hulitamka, yaani uchukuzi wa bunduki ndefu katika magari, na jinsi sheria yake inavyokazwa kwa mtu mmoja na kulegezwa kwa mwingine. Mimi si mwanasheria. Mimi ni karani wenu, na kazi yangu ni kuandika barua na kutunza daftari. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe njiani, nami nimeona ni wajibu kulieleza, pamoja na kosa langu.

Mjane mmoja katika wanachama wetu, alipokuwa akitengenezesha paa la ghala, alikuta bunduki ya marisau ya marehemu mumewe, imezungushiwa gunia. Marehemu alikuwa na cheti halali, na bunduki hiyo aliitumia kufukuza nyani na nguruwe-mwitu katika mahindi. Mama yule aliogopa, akamwita mwanawe, naye mwanawe akaja kwangu kuomba shauri. Kwa haraka isiyo na busara nikamwambia, "Tuipeleke kituoni mara moja." Tukaiweka nyuma ya kiti cha pikapu, tukashika njia.

Hatukwenda mbali tukasimamishwa kizuizini. Mahali penyewe sipataji, wala askari siwataji, maana hapa si mahakamani. Gunia likafunguliwa, kijana akatiwa pingu. Tulipokuwa tumesimama kando, likafika gari kubwa la bwana mmoja mwenye shamba. Bunduki yake ilikuwa imelazwa wazi juu ya kiti cha nyuma, hata sisi tuliiona. Askari mmoja akapiga saluti, kizuizi kikaondolewa, gari likapita. Cheti hakikuulizwa. Labda bwana yule alikuwa nacho. Mimi sikujua, na askari naye hakujua, kwa sababu hakuuliza.

Hapo ndipo nilipokosa. Nilitoa noti mfukoni nikamnyoshea askari kijana aliyekuwa karibu nami. Yeye akanitazama akasema, "Ndugu yangu, rudisha pesa zako, usiongeze kesi juu ya kesi." Niliona haya kuliko nilivyopata kuona maishani mwangu. Tangu 2016 tuna Sheria ya Hongo, nayo humshika mtoaji sawasawa na mpokeaji. Nilikuwa nikilalamika moyoni kwamba sheria imepindwa kwa ajili ya tajiri, na papo hapo mkono wangu ulikuwa tayari kuipinda kwa ajili yangu.

Kijana alilala rumande usiku mmoja. Asubuhi wazee watatu wa halmashauri walifika na cheti cha marehemu, hati ya kifo na barua ya chifu. Mkuu wa kituo akayasoma yote, akaandika taarifa, akaipokea bunduki, akamwachilia kijana kwa onyo. Kwa hilo tunamshukuru. Lakini yule mama alisema neno ambalo halijaniacha mpaka leo: "Kama ningaliifukia shambani, mwanangu angalilala nyumbani."

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo zito la hotuba hii. Sheria isiyoshikwa sawasawa haimwonei mtu mmoja tu. Huwafundisha watu wema kuficha. Na bunduki iliyofichwa leo na mtu mwema, kesho hufukuliwa na mtu mbaya.

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba habari hii si ngeni katika nchi hii. Bonde hili la Subukia lilikuwa sehemu ya mashamba yaliyotengwa kwa Wazungu, nao baba zetu walikaa humo kama maskwota. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, walowezi waliendelea kubeba bunduki zao garini, shambani na hata mezani. Kwa Mwafrika, kanuni za 1953 ziliweka hukumu ya kifo kwa kuonekana na silaha au risasi bila ruhusa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ile, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alihukumiwa kwa kosa la kuwa na bastola na risasi. Basi mzee wa Kabazi akiona bunduki akatetemeka, tusimcheke. Hofu yake ina historia.

Wengine watasema kwamba hayo yalikwisha pamoja na ukoloni. Natamani iwe hivyo. Lakini tazameni Soysambu, katika kaunti yetu hii hii ya Nakuru. Mwezi wa Aprili 2005 mwenye shamba Tom Cholmondeley alimpiga risasi na kumwua Samson ole Sisina, mtumishi wa Shirika la Wanyamapori. Mashtaka ya kuua yakaondolewa na Mwanasheria Mkuu mwezi uliofuata, kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mwezi wa Mei 2006 Robert Njoya, mchonga mawe, alipigwa risasi katika shamba lile lile, akafa. Mara hii kesi ilisikilizwa, na mwaka 2009 mahakama ilimwona bwana yule na hatia ya kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miezi minane, baada ya kukaa rumande miaka mitatu. Yeye naye alifariki mwaka 2016. Sikutaja habari hii ili kuwahukumu wafu. Naitaja kwa sababu watu wengi wa Bonde la Ufa, walipoona kesi ya kwanza imefutwa, walisema kwamba sheria ina mizani miwili. Serikali yo yote inayopenda amani haina budi kuyaogopa maneno hayo.

Sasa sheria yenyewe yasemaje? Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, yakataza mtu ye yote kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Cheti ni cha mtu na bunduki iliyoandikwa ndani yake. Hakirithiwi kama ng'ombe, wala hakiazimwi kama jembe. Mwenye bunduki ameagizwa kuitunza kwa usalama wakati wote, isiibiwe wala isifikiwe na asiyeruhusiwa. Ikipotea, sharti apige ripoti polisi bila kukawia. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, kwa hiyo neno "natoka kuwinda" haliwezi kuwa kisingizio cha mtu. Sheria haiulizi gari ni la thamani gani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, yasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Na kifungu cha 49 chataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia siku ambayo mahakama haiketi.

Kwa hiyo halmashauri yawashauri hivi. Kwanza, mtu akikuta bunduki ya marehemu, asiiguse wala asiipakie garini, hata kama nia yake ni njema. Aijulishe polisi au chifu, nao waje kuichukua mbele ya mashahidi. Pili, mwenye cheti asafiri nacho, akionyeshe kwa adabu kila kinapodaiwa, awe tajiri au maskini. Tatu, tukiona sheria imelegezwa kwa mtu mkubwa, tuandike siku, saa na mahali, tupeleke malalamiko kwa mkuu wa kituo, na asiposikia, kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Barua hizo nitaziandika mimi bila malipo. Nne, tusitoe hongo. Neno hili nalisema kwanza kwa nafsi yangu.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno ukikata upande mmoja tu, fundi mwema hautupi, huunoa. Nasi tusiitupe sheria kwa kukata tamaa. Tuinoe kwa kuitii sisi wenyewe, na kwa kudai, kwa heshima na bila woga, kwamba yule bwana wa gari kubwa aulizwe swali lile lile aliloulizwa mtoto wa mjane.